Mwenye Punda wa Mtaa wa Kairo

Pale maonyesho ya dunia Chicago, kwenye mtaa ulioigiza Kairo nilikouza donati, yule Mmisri mwenye punda alinichosha. Mteja wa kumpanda akitoka Boston, punda aliitwa Boston. Akitoka Omaha, Omaha. Alipiga kelele mpaka donati zangu zikaungulia mafutani, na mkono wake haukubanduka shingoni mwa yule mnyama. Maonyesho yalipokaribia kufungwa, bosi wake akamleta mtu wa sarakasi amnunue punda abaki Marekani.

"Ni mpole?" mnunuzi akauliza.

Yule Mmisri akamfinya punda kwa siri. Lo! Teke moja, meza yangu ikaruka juu ya lile gurudumu kubwa la kubembeza watu! Mnunuzi akatimua mbio.

"We mwendawazimu, donati zangu!"

"Samahani, mama." Akaziokota, akamlisha punda, akimwita jina nisilowahi kulisikia: "Kula, Mishmisha. Tunarudi kwetu."