Bolti ya Breki na Sanduku la Mkwe

Laiti ningelikataa lile sanduku. Mkwe wangu, mume wa binti yangu, alilileta kutoka Uarabuni limefungwa kama mahari, nami badala ya kusema, "Ahsante, mpelekee fundi," nikasema "Ahsante" nikaishia hapo.

Ndani mlikuwa na soketi yenye meno, ya kung'ata bolti iliyolika kichwa. Mlikuwa na chuma kilichosokotwa kinyume, cha kung'olea bolti iliyokatikia ndani, na mpini mrefu wa kutia nguvu. Nilivipanga sebuleni. Mgeni akija hapa kwangu Kilifi, alioneshwa mpini kabla ya kupewa kahawa.

Basi breki za gari zikaanza kulia, na usiku wa kesho yake palikuwa na maulidi Takaungu, nilikozaliwa. Msomaji ni mimi, tangu ujana. Watu walisema sauti yangu haizeeki, nami kwa unyenyekevu wangu nilikubaliana nao. Tena nilikuwa nimeahidi kuwabeba wenzangu.

Nikavua gurudumu la mbele. Chumvi ya bahari hula gari kule mwenyewe asikoinama kutazama, na bolti iliyoshika breki ilikuwa imegeuka kutu tupu. Haikutikisika.

"Si umwite fundi?" akasema mke wangu. "Yuko pale madukani, anapiga soga."

"Fundi ana nini nisichokuwa nacho?"

"Subira."

Akatokea mwenzangu wa maulidi, yule aliyekaa ubavuni mwangu miaka yote, akinipokea kisomo nikikohoa. Alikuwa ameendesha malori enzi zake.

"Hiyo umeipaka mafuta?"

"Nimeipaka."

"Lini?"

"Sasa hivi."

"Basi iache inywe. Ilale nayo mpaka asubuhi."

"Ilale? Kwani hapa gesti?"

"Haya. Lakini uso wako uutoe hapo mbele ya chuma, shehe. Kikichomoka hakitakuuliza wewe nani."

Nilimwonea huruma. Mtu asiye na sanduku lazima aishi kwa ushauri. Alipoondoka nikachukua bomba la maji lililobaki tulipojenga choo, nikalivika mpini upate urefu zaidi, nikakita miguu na kulivuta kuelekea kwangu kwa nguvu zote alizonijaalia Mola. Ile soketi yenye meno ikateleza. Bomba likaja moja kwa moja mdomoni. Bolti ikabaki palepale, haina habari.

Mke wangu alinifunga kanga mdomoni, kisha akapekua mchanga.

"Hili hapa moja. La pili litafute sandukuni, si lina kila kitu?"

Usiku wa maulidi nililala nyumbani, mdomo kama andazi. Mwenzangu ndiye aliyesoma. Asubuhi ya siku hiyo fundi alikuwa amekuja na spana yake ya kawaida. Bolti ilikuwa imeshakunywa mafuta usiku kucha. Akaigonga kidogo, ikafunguka kimyakimya kama iliyokuwa ikimngoja.

Niliwekewa meno ya bandia. Kwa nyama hayana kasoro. Kwa kusoma, kila herufi ya "s" inatoka na filimbi. Maulidi yaliyofuata nikakaa mahali pangu, nikaanza. Watoto waliokaa nyuma wakanijibu kwa mbinja. Wazee wakainamisha vichwa, na mabega yakawa yanawatikisika. Sidhani ilikuwa ni kilio. Mwenzangu akaniwekea mkono gotini, taratibu, akanipokea. Sikuwa nimekohoa.

Tangu siku hiyo anasoma yeye, na anasoma vizuri, jambo ambalo lisingeniuma sana kama lisingekuwa kweli. Mimi nimepewa mrashi. Napita safu kwa safu nikiwanyunyizia watu marashi. Nasifiwa sana. Wanasema sijawahi kumlowesha mtu macho.

Sanduku lingalipo, zima, halijapungua kitu. Mimi nilipoteza meno mawili ya mbele, na kwa ajili hiyo sitasoma maulidi tena maisha yangu.