Programu Tuliyoichinjia Mbuzi Kabla ya Kuijaribu

Nakumbuka siku moja hapa Garissa, jua limewaka mpaka nyundo tunaishika na kitambaa, na mimi nimekaa mlangoni mwa karakana kama waziri, nangoja mgeni kutoka Nairobi. Mwanangu, usicheke. Ndevu hizi unazoziona na hina zilikuwa nyeusi, shingo ilikuwa ngumu, na abti yangu, ndugu ya mama, alikuwa ameniachia karakana yote. Shule sikuenda. Lakini chuma nilikuwa nakijua kwa kunusa tu.

Nakwambia haya kwa sababu jana nimesikia wewe na wenzako mnachagua programu ya kuendesha mashine yenu ya kuchonga, na mmeshakubaliana na moja kwa vile video yake ni tamu. Video! Wallahi, hasira iliyonipanda ingechemsha chai ya harusi tatu na ibaki ya kuogea.

Sikia. Tulikuwa tumeleta mashine ya CNC, mtumba, ile inayochonga chuma kwa amri za kompyuta. Ilikuja na lori, nzito mpaka nilisikia daraja la Tana likisema bismillahi. Sasa mashine kama hiyo haijui kusoma mchoro. Lazima kuwe na programu ya kugeuza mchoro kuwa amri: nenda hapa, shuka hivi, kata hivi. Na kila mashine ina lugha yake ya amri. Ukiisemesha lugha ya mashine nyingine, ni kama kumpigia ngamia mluzi wa mbuzi. Mimi hilo sikulijua. Aliyelijua ni Mutua, fundi wetu kutoka Machakos, mtu wa maneno machache, aliyesomea hiyo kazi.

Mgeni akaja kutuuzia programu, laptopu mkononi, viatu vinang'aa kuliko paji langu. Akatuonyesha kwa kioo chuma kinachongwa chenyewe, kinazunguka, rangi saba, vipande vinaruka. Karakana ikajaa watu. Muuza chai alisahau birika lake likachemka mpaka likakauka.

Mutua akainua mkono. "Bosi, naomba tuchonge kipande kimoja hapa, kwa mashine yetu. Kidogo tu."

"Warya Mutua, mgeni hajala!"

Kwetu mgeni haulizwi maswali akiwa na njaa, hilo unalijua. Basi nikachinja mbuzi, dume nono, mafuta yake yangewasha taa za Garissa mwezi mzima. Mgeni akala, akalamba vidole, akasifu wali. Mutua akaninong'oneza, "Sasa amekula, bosi."

"Sasa ameshakula kwangu!" nikasema. "Nitampimaje mtu ambaye mkono wangu na wake umetoka sahani moja? Unataka watu waseme namshuku?"

Nikampa mgeni neno langu mbele ya wazee wanne, kwamba tumeichukua programu yake. Na kwetu neno ukishalisema mbele ya wazee, kulirudisha ni aibu ya kuhama mji. Alasiri akapanda basi, akaenda na shibe yake.

Wiki haikuisha. Eeddo Halimo, dada ya baba yangu, akapiga simu kutoka upande wa Habaswein. Kapulingi ya pampu ya kisima imevunjika, kile kipande cha meno kinachoshika injini na pampu pamoja. Ngamia wake wamefika kisimani wametembea kiangazi kizima, maji yako chini, na hakuna cha kuyapandisha. Amekituma kwa basi kile kilichovunjika, nichonge kingine kama hicho.

"Eeddo, niharakishie," akasema. Shangazi zetu ndivyo wanavyotuita, wanaturudishia jina lao wenyewe. "Ndama hawana siku nyingi."

"Kikifika leo, kesho nakurudishia kipya!" nikajigamba. "Nina programu inachonga mpaka masikio ya nzi!"

Mutua akachora. Programu ikaandika amri, kurasa kwa kurasa. Mashine ikasoma mstari wa kwanza, ikawasha taa nyekundu, ikakataa. Nikampigia yule mgeni.

"Mzee, hiyo mashine yenu haiko kwa orodha yetu."

"Si ulisema inachonga kila kitu?"

"Inachonga kila kitu. Kwa mashine zilizo kwa orodha."

Na figo za mbuzi wangu alikula zote mbili, mwanangu! Zote mbili!

Kwa aibu nikamwambia Mutua achague kwenye orodha mashine inayofanana na yetu, tuendeshe hivyo hivyo. Akatoa amri zenyewe, lakini kuendesha akakataa. "Itagonga, bosi." Nikabonyeza mwenyewe. Kisu kikashuka kama mtu anachimba choo, kikapita chuma, kikagonga meza, kikapasuka. Kipande kimoja kikapita juu ya kofia yangu kikatoboa bati.

Mutua hakunicheka. Alivuta kiti, akatia kisu kingine, akaanza kuandika amri kwa mkono wake, mstari kwa mstari, lugha ya mashine yetu. Ilimchukua siku mbili. Kapulingi ikatoka safi kama imezaliwa.

Nikaipeleka mwenyewe. Eeddo alikuwa amekaa kando ya hodhi la kunyweshea, kavu. Ndama tisa wa ngamia walikuwa wamelala pale, na hapo sitii chumvi, nilihesabu kwa kidole. Hakuna aliyeinua kichwa.

"Hiyo programu yako," akasema, "uliijaribu kabla ya kuichukua?"

"Alikuwa mgeni, eeddo. Niliona haya."

"Ulimwonea haya mtu wa viatu." Akawatazama ndama. "Hawa hukuwaonea haya."

Injini ikawashwa, maji yakapanda, wale waliobaki hai wakanywa. Nilitamani anichape na bakora. Alinipa mgongo akaenda kuwanywesha.

Kwa hivyo ukiniambia video ni tamu, nakasirika, na nina haki! Mwanangu, mlete mwenye programu karakanani kwako. Mpe chuma chako, mashine yako, na kipande unachochonga kila wiki, si ua la maonyesho. Zima mtandao uone kama itaamka, maana mtandao wetu huku unahama kuliko sisi wafugaji. Mkalishe fundi atakayeitumia, aibonyeze yeye, na akisema hapana, wewe nyamaza. Muulize mgeni: ikikwama Ijumaa mchana, nani atashika simu? Akinuna, mwache anune. Mgeni mpe maziwa, mpe kivuli, mpe kitanda chako mwenyewe. Neno lako usimpe mpaka chuma kimekatika mbele ya macho yako. Kumjaribu si kumtukana. Kuna watu mbali, hata hawajui sura yako, wanaongoja kitu kitoke mkononi mwako.

Mwenyezi Mungu akupe ujasiri wa kuuliza mbele za watu, aibariki mikono ya yule anayekuambia ngoja kwanza, na kwenye kila kisima kitakachotegemea chuma chako, ndama wanywe wasimame. Amin.