Wimbo Tuliomwimbia Mnaijeria

Enzi zetu pale Busia, upande wa Uganda, Nigeria haikuwa mbali. Ilikuwa nyuma ya pazia la magunia, katika kibanda cha video cha mtaa wa Sofia, na ilifunguliwa kila Jumapili misa ilipokwisha. Tulikimbia kutoka kanisani viatu mkononi, maana viatu vilikuwa vya kanisani tu, tukipenya katikati ya baiskeli zilizobeba watu kutoka mpaka huu hadi mpaka ule, wenyewe wakiita "Boda! Boda!" Ninyi mnaodhani neno hilo lilitoka Kampala au Nairobi, mnakosea. Lilizaliwa kwetu, na mjomba wangu ni mmoja wa waliolilea kwa jasho la mapaja yao.

Ndani ya kibanda palikuwa na giza, joto, harufu ya petroli ya jenereta na ya karanga za kukaanga. Tulikaa juu ya mbao, magoti yamebanana, na televisheni ndogo imewekwa juu kabisa kama sakramenti. Pembeni yake aliketi Radi na kipaza sauti. Radi alikuwa vijei, yaani mtu wa kututafsiria filamu. Kwao ni Osukuru, hapo karibu na Tororo, na sauti yake ilishinda jenereta. Filamu ikiwa ya Kihindi, alitafsiri. Ikiwa ya Kichina, alitafsiri. Ikiwa ya Kinaijeria, ndipo alipovua shati kabisa. Sikumbuki hata siku moja aliyosema, "Hapa sikuelewa." Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipojua kwamba Radi hakuwahi kuvuka daraja la Jinja, sembuse kufika Nigeria.

Huyo ndiye aliyetufundisha Nigeria. Kwamba huko kila bwana mwenye gari amemtoa mama yake kafara. Kwamba ukiokota sarafu barabarani unageuka kiazi kikuu. Kwamba bibi kizee akikuimbia, kesho huioni. Wimbo wenyewe tuliujua sote. Ulikuwa katika filamu moja iliyorudiwa mpaka mkanda ukaanza kukwaruza: kikongwe ameketi mlangoni, anatikisa kichwa, anaimba polepole, na mwanamume mzima amelala miguuni pake.

"Sasa anamlaani mwanawe!" Radi alinguruma. "Anamwambia, damu yako igeuke maji! Kufa! Kufa!"

Maneno ya kikongwe hatukuyajua, ila sauti yake ilituingia, na tukaitengenezea mchezo. Mmoja alikuwa mchawi. Akikukaribia na kuukamilisha wimbo, ulilazimika kuanguka kama mfu, na hukuruhusiwa kufufuka mpaka mwenzako akuguse kwa jani la mgomba. Tulikufa kisimani, tulikufa njiani kwenda shule, nami nilikufa siku moja na debe la maji kichwani nikala fimbo za kutosha. Mtoto wa leo ukimwambia aanguke afe, atauliza kwanza kama simu ina chaji. Mama yangu alipousikia wimbo ule uani alitoka na mwiko.

"Wandera! Hiyo wimbo yako iache huko nje. Hapa kwangu hatuitangi shetani!"

Kisha Mnaijeria mwenyewe akaja.

Jina lake Emeka. Alikodi chumba kando ya kibanda cha mama cha chakula, mlango wa pili kutoka kwetu, akafungua duka la vipuri vya baiskeli na pikipiki. Kiswahili alikiokota Nairobi, kikiwa na miguu mitatu lakini kinatembea. Kila siku saa sita mchana aliketi kwenye benchi la mama na kula muhogo na mukene, vile visamaki vidogo ambavyo ng'ambo ya Kenya huitwa omena. Huku anakula anajisifu.

"Mama Wandera, soko ya kwetu Onitsha ni kubwa! Ukiingia na samaki mbichi, ukitoka upande ingine samaki imekauka."

Mama alicheka mpaka akafuta macho kwa kanga. Lakini Emeka huyo huyo, kabla hajamaliza sahani, alianza kuitukana nchi yake. Umeme hakuna. Barabara ni mashimo. Viongozi wanakula kama mchwa.

"Sasa wewe," mama akamuuliza, "huko kwenu ni kuzuri ama ni kubaya?"

Emeka akalamba vidole. "Ni kwetu, Mama Wandera. Ni kwetu."

Sisi watoto tulimzunguka kwa mbali. Siku moja sarafu ilimdondoka mlangoni. Tulikuwa saba, na hakuna aliyeinama. Katika historia yote ya Busia sijasikia sarafu nyingine iliyolala chini ikitazamwa na watoto saba. Akatutazama, akaitazama. "Watoto wa hapa mmeshiba namna hii?" aliuliza, naye akaiokota. Tulingoja ageuke kiazi kikuu. Hakugeuka, tukakubaliana kwamba ni kwa sababu wa kwao hawageuki.

Jumapili moja akaja kwenye kibanda cha video. Amenyoa ndevu, amevaa joho la kwao lenye nakshi kifuani, akajibana kwenye ubao katikati yetu kama mtu aliyealikwa harusini. Radi akaweka filamu ile ile. Kikongwe alipoanza kuimba, nikasikia sauti ya pili kando yangu. Emeka alikuwa anaimba naye, chini chini, amefumba macho. Watoto tukasogea mpaka ubao ukabaki wake peke yake.

"Anamlaani mwanawe!" Radi akanguruma. "Damu yako igeuke maji!"

Emeka akasimama. "Hapana! Hapana, bwana. Huyu mama halaani mtu. Huyo kijana ni mgonjwa, mama anambembeleza. Hiyo ni wimbo ya kulalisha mtoto. Mama yangu aliniimbia hiyo!"

Nilishtuka. Sikuwahi kusikia mtu akimpinga Radi. Radi akakileta kipaza sauti mdomoni bila haraka.

"Watu wangu, mnaamini mimi ama huyu?"

"Radi!" kibanda kikalipuka. "Wewe, kaa chini, unafunika televisheni!" "Tena anaujua wimbo wenyewe, mmemsikia?" Na mwendesha boda mmoja akasema taratibu, ndiyo maana kila mtu alimsikia: "Mtu hawezi kutetea mchawi hivyo kama si ndugu yake."

Mtu aliyezaliwa Nigeria alishindwa kuhusu Nigeria na mtu wa Osukuru. Akatoka akiwa ameshika joho lake lisinase kwenye misumari.

Jumatatu waendesha boda walipeleka baiskeli zao kwa fundi wa upande wa pili wa barabara. Saa sita Emeka akaja, akaketi kwenye benchi lake.

"Chakula kimeisha," mama alisema bila kumtazama.

Sufuria ilikuwa imejaa. Najua, kwa sababu nilikuwa nimeifunika mimi, na mvuke ulikuwa unatoka kando ya kifuniko. Emeka aliutazama ule mvuke. "Asante, Mama Wandera," akasema, akaenda kula mkate mkavu dukani kwake. Akafanya hivyo Jumanne, akafanya hivyo Jumatano.

Alhamisi tukaenda kumwimbia. Sisemi "walikwenda". Ni mimi niliyewakusanya wenzangu baada ya shule, na ni mimi niliyeanzisha, kwa kuwa sauti yangu ndiyo iliyokuwa bora darasa la tano. Tulisimama mlangoni pake tukauimba wimbo wa kikongwe kwa nguvu zote, tumemwelekezea vidole kama mchezo unavyotaka. Emeka akatoka na kitambaa cha grisi mkononi. Nilikuwa tayari kukimbia. Lakini hakutufukuza. Aliketi kwenye ngazi ya duka, akafumba macho, akaanza kutikisa kichwa polepole, machozi yanamshuka. Hatukuthubutu kunyamaza. Tuliuimba mpaka mwisho, tukaurudia.

"Imempata!" nikapiga kelele, tukatimua mbio.

Wiki haikwisha kabla duka halijafungwa. Wengine walisema amekwenda Malaba, wengine Kampala. Shuleni niliitwa "aliyemfukuza mchawi", na jina hilo nililivaa kama medali mpaka nikamaliza.

Wasomaji wa rika langu, mimi si mtu wa kujidogosha. Nilisoma Tororo kwa kuuza makaa, nikapata diploma ya umeme, na diploma hiyo sasa imetundikwa sebuleni katika nyumba ya vigae niliyojenga bila harambee ya mtu yeyote. Kampuni moja ya jenereta ilinipeleka Nigeria, na nilikaa miaka kumi na moja. Na kazi ilinipeleka wapi? Onitsha. Siku ya kwanza nilitembea nikiangalia chini nisikanyage sarafu. Mtu mzima mwenye diploma!

Nilipanga kwa mama mmoja aliyeitwa Mama Ngozi. Kila umeme ulipokatika aliitukana Nigeria kuanzia ikulu hadi nguzo ya mtaani. Siku moja nikadhani nimekuwa mwenyeji, nikaitikia, "Kweli, Mama, nchi hii imeoza." Akaniangalia kama niliyemtemea mate. "Nani amekuuliza?" Siku tatu hakunisalimia. Ya nne akanilipa: "Huko kwenu si ndiko watu wanakimbia vita na njaa kila siku?" Nikasimama nikiwa nimeshika kijiko. Vita? Busia? Nikamweleza mwamba wa Tororo unavyoonekana asubuhi mvua ikiisha, nikamweleza dhahabu ya Tiira, mahindi ya Lunyo, boda boda. Nilijisikia nikipaza sauti, na nikagundua nimeisikia sauti ile kwenye benchi la mama. Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake, wala huijui raha yake.

Tulipatana. Jioni moja nilikuwa juu ya ngazi nikimfungia taa ya barazani. Mama Ngozi akaketi mlangoni na mjukuu wake mapajani, akatikisa kichwa, akaanza kuimba. Koleo ilinitoka mkononi. Nikashuka kabla sijaanguka, kwa kuwa miguu ilikuwa inataka kufa kama tulivyozoea.

"Wimbo gani huo?" nikauliza.

"Wa kulaza mtoto," akasema, akinishangaa. "Kwenu watoto hawalazwi?"

Sasa nimerudi. Watoto wa Busia ya leo hawahitaji kibanda; Nigeria wanayo mfukoni. Wanacheza ngoma za Lagos, wanajifanya kuongea kama Walagosi huku kumenya muhogo hawajui. Wanajua nguo za Nigeria, magari ya Nigeria, wezi wa mtandao wa Nigeria. Radi alishafariki, lakini katika kila simu ameketi Radi mwingine, na huyu hata kwao hatukujui.

Mwezi jana mvua ilinyesha mchana. Mke wangu alikuwa kanisani, nami barazani nikimbembeleza binti yetu Nafula, wa miezi minane. Mama alikuwa kando yangu akipepeta wimbi, ndio ulezi. Mtoto alikataa kulala, nikaimba kilichokuja mdomoni. Ungo ukaanguka, wimbi likatapakaa sakafuni.

"Wandera! Unafanyia mtoto nini? Leta huyo mtoto hapa!"

Alikuwa ameshamnyakua Nafula na kumfunika kwa kanga. Nikamwambia taratibu: "Mama, ni wimbo wa kulalia. Emeka alisema kweli." Nikamsimulia Mama Ngozi, mjukuu na ile ngazi. Alimpakata mtoto mkono mmoja, kwa mwingine akaokota wimbi, punje moja moja.

"Huyo mama anasemaje kwa hiyo wimbo?"

"Anasema, lala mwanangu, usilie. Mama yako hajaenda mbali. Yuko jikoni, anakupikia."

Mkono wake ukasimama.

"Na mimi nilimwambia chakula kimeisha," alisema. Akamfunua Nafula uso. "Kijana wa mwanamke mwenzangu. Wandera, wewe umekaa huko. Mtu kama huyo, ukitaka kumtafuta, anaweza patikana?"

Nikalikumbuka soko la Onitsha, ambalo niliingia asubuhi nyingi na sikuwahi kuuona mwisho wake. Enzi zile Emeka alikuwa mlango wa pili kutoka kwetu.