Mgomo wa Mama Verla

Verla Wasylyk hajawahi kukanyaga barafu akiwa na viatu vya kuteleza, lakini hapa Harrow Creek hakuna aliyelea wachezaji wa hoki ya barafuni kumzidi. Kwa miaka kumi na tisa amewapokea vijana wa timu yetu wanaotoka mbali, akawapa chumba, akawalisha, akawafulia. Ishirini na watatu wamepita mikononi mwake. Mimi ni jirani yake, na ndimi ninayeendesha mashine ya kulainisha barafu uwanjani, kwa hiyo haya sikuhadithiwa.

Kwenye friji yake alibandika masharti aliyoyaandika kwa mkono: viatu vya barafu visikanyage zulia, anayechelewa atakula kilichobaki, na hakuna kuondoka bila kuaga. Vijana waliyaheshimu kuliko maagizo ya kocha. Zaidi ya hapo hawakutakiwa kufanya lolote, maana Verla hakumwachia mtu hata kijiko aoshe.

Mwaka ule alikuwa na Kellan Thiessen, miaka kumi na saba, mwepesi miguuni na mlafi wa perogi, yale maandazi ya kuchemsha yenye viazi na jibini ndani. Mume wa Verla alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kellan alikuwa amebakiza misimu miwili kwetu, na Verla aliitegemea. Aliniambia waziwazi kwamba nyumba tupu inamtisha.

Mwezi wa tatu wakala wa Kellan akaleta habari kwamba klabu ya watu wazima huko Ufini inamtaka. Siku hizi ndio mtindo: vijana wanairuka ligi yetu ya vijana, wanakwenda Ulaya kugongana na wanaume wenye ndevu na watoto, ili wasaka vipaji wa ligi kubwa waone wameiva mapema. Orville Pruden, meneja wetu, akakimbilia kwa Verla, jasho linamtoka kwenye baridi ile, akamsihi amzuie kijana kwa njia yoyote.

Kellan mwenyewe hakuogopa wenye ndevu. Alichokiogopa alikisema mezani, mdomo umejaa.

"Kule unapewa nyumba yako peke yako, Mama. Sasa mimi nitakula nini?"

Verla akapata pa kumshikia. Akatangaza mgomo: wiki mbili hapiki, hafui, hamwamshi mtu. Alinieleza hila yake uani huku akicheka hadi akashika ua. Siku ya tatu tu, alisema, mtoto atanyoosha mikono na Ufini itasahaulika. Orville alifurahi mno, akamletea keki.

Siku ya kwanza Kellan alikula nafaka za boksi mara tatu. Ya pili alikuja mazoezini na soksi za rangi ya waridi, maana alizifua nyeupe pamoja na jezi nyekundu, na kocha akasimamisha mazoezi ili naye apate nafasi ya kucheka. Siku ya nne akaunguza yai la kuchemsha. Si kazi ndogo hiyo, ni lazima maji yaishe kwanza. Verla alikaa kitini akifuma, anakimeza kicheko.

Kilichomponza ni kwamba hawezi kutazama mtu akiharibu unga. Siku ya sita Kellan alijaribu perogi, naye akainuka, eti amrekebishe kidogo tu.

"Mbona unaukanda kama mnagombana? Uache upumzike. Na kingo usizibane kwa uma, zibane kwa vidole."

Wiki ya pili yote alisimama pembeni yake kila jioni, mgomo ukageuka darasa. Siku ya kumi na nne wakamwalika Orville. Alikula sahani tatu, akamuuliza Verla safari hii ameongeza nini. Verla akamwonyesha Kellan kwa kidole. Uma wa meneja ukabaki hewani.

"Verla, umefanya nini?"

"Nimegoma," akasema, kwa sauti ya chini sana.

Kellan akasaini na klabu ya Ufini wiki iliyofuata. Nilimwambia Verla mchimba kisima huingia mwenyewe, akanitukana kwa Kiukraini cha bibi yake. Orville hakumsalimia mpaka theluji ikayeyuka.

Mwezi wa nane kijana akaaga kama masharti yalivyotaka, akaondoka. Jioni hiyo Verla akakuta mlango wa friji mtupu, karatasi ya masharti haipo. Akamwita mwizi, kisha akalia mbele yangu bila kujificha.

Oktoba ikaja picha kwenye simu: jiko dogo la Ufini, sahani ya perogi, na nyuma yake ile karatasi imebandikwa kwenye friji. Verla akaisogeza karibu na miwani.

"Amebana kwa uma huyu."

Akapiga simu palepale amfokee. Kellan alipokea kabla haijaita mara ya pili. Tangu hapo kila Jumapili inaingia picha mpya, na katika kila picha kuna kosa moja, kubwa, ambalo hata mimi nisiyejua kupika naliona. Verla haoni kwamba ni la makusudi, nami simwambii. Anavaa miwani, anapiga, na kijana anauliza kwa unyenyekevu:

"Leo nimekosea wapi, Mama?"