Posa ya Saa Tatu

Mjukuu wangu, ipo asubuhi moja ya mtaa wa Msimbazi ambayo kila nikiikumbuka nacheka peke yangu.

Nilikuwa kijana, nimetoka shule juzijuzi, karani wa stesheni ya reli. Hata wazo dogo nilikuwa naligeuzageuza kama chapati mpaka linaungua. Nilitaka kumwoa Zuhura, huyu huyu bibi yako. Baba yake, Mzee Salim muuza vitambaa, akatuma neno: "Leteni posa Jumapili, saa tatu." Naye alikuwa mkali wa miadi; wachumba waliokosea saa aliwarudisha mlangoni.

Saa tatu ipi? Stesheni tulifuata saa ya serikali, iliyoletwa kwa simu ya waya ili Dar es Salaam na Kigoma ziseme neno moja, ijapokuwa kule jua hukawia kuchomoza. Saa ile ilihesabu kizungu: tatu ni alasiri. Mtaani, tatu ni asubuhi. Kumuuliza mzee niliona haya. Nikawaza, nikawazua, mwisho nikaamua: mzee wa mtaani, saa ya mtaani.

Ami na shangazi wakaenda asubuhi. Mimi nikabaki kwenye baraza ya jirani, sikio ukutani.

"Hodi!"

Ndoo ikaanguka, Mzee Salim akatokeza na povu la sabuni masikioni.

"Mbona mapema hivi? Si nilisema saa tatu?"

"Ndiyo hii, mwenzangu," ami akajibu.

"Hii ya mtaani! Kijana wenu mtu wa stesheni, nikamhesabia ya stesheni, kumheshimu."

Shangazi akadakia, "Naye kakuhesabia ya mtaani, kukuheshimu wewe. Sasa heshima zimepishana njiani, baba, tufanyeje?"

Ndani nikamsikia Zuhura akiangua kicheko. Mzee naye akacheka mpaka povu likamwingia jichoni.

"Ingieni. Lakini huyo aliyejibanza hapo ukutani mwambieni: hata saa ya serikali haikuota kama uyoga. Watu waliulizana, wakakubaliana. Yeye kuuliza tu kumemshinda?"

Posa ikapokelewa kwa chai ya rangi, maana nyama ilikuwa bado haijaingia chunguni.

Mwanangu, kuuliza si ujinga. Ukiagana na mtu usimkisie, hata kwa kumheshimu, mwulize, "Kwa saa ya nani?" Haya ya kuuliza hupita upesi, lakini dhana ikikaa moyoni hutaga mayai. Watu hawapatani kwa kuwa jua lao ni moja, bali kwa kuwa wamesemezana.

Nenda, Mungu akujaalie ulimi mwepesi wa kuuliza, na mwenza asiyechoka kukujibu.