Chaki Dirishani

Nilisoma hadi darasa la tatu tu, pale Matinyani, na si umaskini ulionitoa shule. Ni watu. Baba yangu yumo, mwalimu mkuu yumo, mchungaji yumo. Lakini wa kwanza kabisa ni mwalimu wangu wa darasa, yule mama aliyekuwa ananipenda.

Siku hizi hali yangu ina jina, inaitwa usonji. Wakati wetu hakukuwa na jina, kulikuwa na kiboko. Sikuwa namtazama mtu machoni. Nikisikia taarifa ya habari kwa jirani, naisema yote kwa sauti ya mtangazaji. Wenzangu wakanibandika Redio.

"Redio, tusomee habari!"

Nasoma.

"Redio, badilisha stesheni!"

Nanyamaza, kwa sababu stesheni nyingine sikuijua. Wanacheka mpaka wanakaa chini.

Hayo niliyaweza. Sikuiweza kengele. Ilikuwa rimu ya lori iliyofungwa mtini kwa waya, inagongwa kwa chuma. Kwangu mimi hicho chuma kilikuwa kinaingilia sikioni na kutokea kwenye meno. Napiga mayowe, najikojolea, kisha nachapwa kwa mayowe na kwa mkojo pia.

Huyo mwalimu alipopewa darasa letu, hakunichapa. Alinichunguza kwanza. Siku moja akaniambia, bila kunishika, maana alishajua sitaki kushikwa: "Ukiona nimeweka chaki dirishani, kengele iko karibu. Toka, enda nyuma ya tangi la maji, uzibe masikio. Ikiisha, rudi. Hakuna mtu atakuuliza."

Basi, hiyo tu. Chaki dirishani, natoka. Kengele ikinyamaza, narudi. Mwaka huo nikajua kusoma. Mwaitu, ndivyo nilivyomwita mama, alinisikia nikisoma pakiti ya majani chai akaita majirani waje wasikie.

Kisha ikaja siku ya wazazi. Mwalimu mkuu alitaka mtoto wa kusoma mbele ya wageni, na mwalimu wangu akanitoa mimi. Nikakataa. Nilijua watapiga makofi, na kwetu makofi yalikuwa ya kilo: mmoja anaamuru, halafu umati wote unapiga pamoja, pa-pa-pa, kama mvua ya mawe juu ya mabati.

"Nitawaambia wasipige," mwalimu akasema. "Watapunga mikono tu. Mimi nimewahi kukudanganya?"

Hakuwa amewahi.

Nikasoma. Sikukosea neno. Nikatazama dirishani, hakuna chaki. Mwalimu mkuu akaruka juu: "Huyu apewe makofi ya kilo!" Nikamtafuta mwalimu wangu kwa macho. Alikuwa ameinua mikono, naye anapiga, anawachekea wageni.

Yaliyofuata niliambiwa baadaye. Nilipindua meza ya wageni. Mchungaji alipokuja kunishika kichwa aniombee, nilimuuma mkono. Akasema ni pepo. Mwalimu mkuu akamgeukia mwalimu wangu, baba amesimama hapo: "Wewe ulijua mtoto huyu ako hivi?"

Hilo nililisikia mwenyewe, nikiwa chini ya benchi. Angejibu ndiyo, angesema habari ya chaki na tangi, ningebaki shule.

"Hapana, mwalimu," akasema. "Nimeshangaa kama nyinyi."

Baba hakubisha hata kidogo. Kesho yake nilikuwa machungani na mbuzi. Na kanisani nikawa napelekwa kuombewa, maombi ya ngoma na kupigiwa kelele sikioni, mpaka nikajifunza kunyamaza kabisa, wakasema nimepona. Mwaitu alinifichia kitabu kimoja ndani ya gunia la pojo. Baba alikipata akakiwashia moto wa jioni.

Miaka ya tisini nilikuwa mji wa Salama, nauza vyondo, vile vikapu vya mkonge, kando ya barabara. Kanisani kukawa na semina ya wamama kuhusu watoto wa aina yangu. Nikaenda, nikakaa karibu na mlango. Mgeni aliyesimama kufundisha alikuwa ni yeye, amestaafu, kichwa kimekuwa cheupe.

Alifundisha vizuri, siwezi kumnyima hilo. Alisema mtoto kama huyo hana pepo wala si mkaidi. Mwambie mapema kitakachotokea. Mpe mahali pa kukimbilia. Usimshike ghafla. Na ukimwahidi kitu, akasema, kitimize. Wamama wakaitikia, "Ni kweli!"

"Mimi nilikuwa na mmoja, Matinyani. Nilikuwa namwekea chaki dirishani. Alisoma mbele ya wazazi wote, hakukosea. Leo huyo ni mtu wa maana."

"Tumpe mwalimu makofi ya kilo!" kiongozi wa wamama akasema.

Nilikuwa nje kabla hawajaanza. Alipotoka kidogo kupunga upepo, nikamfuata.

"Mwalimu, yule wa chaki ni mimi. Shule yangu iliishia siku hiyo hiyo."

Akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyake.

"Aii, mwanangu! Uko hai! Bwana asifiwe. Umeokoka?"

"Rudi ndani uwaambie ulivyomjibu mwalimu mkuu."

"Hayo ni ya zamani, mwanangu. Ningefukuzwa kazi."

"Mimi nilifukuzwa."

Akageuka kuutazama mlango. Kisha akasema, "Ningoje hapa. Nawaambia sasa hivi."

Na mimi, mjinga yule yule, nikamwamini. Nikangoja nimeziba masikio. Nilipoyaachilia kidogo nisikie anavyosema, walikuwa wanapiga makofi tena. Nikachungulia dirishani. Wamama walikuwa wanamfunga leso mpya mabegani, naye anawachekea vile vile kama siku ya wazazi.