Niliacha nailoni kwenye viti vipya vya gari langu la kizamani, mke wangu akaishia sakafuni

Wakuu mliopo kazini, na nyie mliojifungia chooni na simu, salaam kwenu wote.

Hii ni yangu mwenyewe, sijasimuliwa. Nikiongeza chumvi, mke wangu naye ni member humu, atanivua nguo hapo chini kwenye comments.

Mimi ni darasa la saba. Siyo la saba ya kufaulu, ni ya kumaliza tu. Hapa Brussels nilianza kwa kusugua vyoo vya ofisi. Leo nina kampuni yangu ya usafi, magari yana jina langu ubavuni na wenye digrii wananiletea CV. Sisemi kwa kujisifu.

Haya, nasema kwa kujisifu.

Nikajizawadia gari. Sports ya Kiingereza, viti viwili, rangi ya kijani, imenizidi umri. Ikipita mitaa ya Ixelles wanafunzi wanatoa simu.

Shida ilikuwa ndani. Viti vimepasuka, sponji inachungulia. Mikanda hakuna kabisa, enzi hizo watu walijifunga kwa dua. Nguzo ya usukani ni chuma kimoja kilichonyooka, kimekuelekea kifuani kama mkuki.

Sasa binti yangu Rehema alikuwa anaolewa. Nilishautangazia ukoo mzima kwamba nitampeleka ukumbini na gari hilo, mimi na yeye tu. Yeye akaweka sharti.

"Baba, tengeneza usalama kwanza. Halafu mama apande. Akishuka akasema sawa, na mimi napanda."

Mama yake hajawahi kulipanda. Analiita jeneza la kijani.

Nikalipeleka kwa Papa Déo, fundi wa viti, mzee wa Bukavu mwenye karakana kule kwenye maghala ya Anderlecht. Yule mzee ana mikono, wakuu. Aling'oa kila kitu hadi bati. Akachomelea vyuma sakafuni, ndipo akafunga mikanda mipya, ile ya kupita begani na kiunoni. Viti vikapata pa kuegemeza kichwa, akavishonea ngozi ya rangi ya maziwa. Fundi mwenzake akaweka breki mpya na nguzo ya usukani inayojikunja ukigonga.

Siku ya kulichukua, viti vilikuwa na nailoni ya kuzuia uchafu wa karakana. Papa Déo akashika mkasi.

"Acha hapo hapo," nikamwambia.

"Papa, hii sachet ya nailoni inatoshwaka. Inatelezesha muntu," mzee akasema.

"Kwangu sofa lina miaka minane na nailoni yake. Hata rimoti."

"Bon. Na sofa yako iko na breki?"

Nikamwona mzee kachoka. Sisi tuliokulia kwenye mkeka, ukipata kitu kipya unakilinda. Ukitoa nailoni kimeshazeeka.

Jumamosi mchana tukatoka kwenda Schaerbeek kwa wakwe watarajiwa wa Rehema, Warundi wa Bujumbura, watu wa heshima zao. Mama Rehema kavaa dera lake la kuteleza, kapakata hotpot la pilau. Nikamfunga mkanda mwenyewe kama mhudumu wa ndege.

"Linanguruma sana."

"Hiyo ni sauti ya pesa."

"Na kiti kinateleza."

"Jishike, mama."

Tumebakiza mitaa miwili, nikageuka kuangalia kioo cha duka. Sifichi, nilikuwa najitazama. Kurudisha macho, tramu hii hapa, kengele inalia.

Nikakanyaga. Breki zikashika kama zimepigiliwa misumari. Gari likasimama.

Mama Rehema hakusimama.

Alipita chini ya mkanda kama sabuni ya bafuni. Nageuka, kiti kitupu. Yuko chini ya dashibodi, magoti yamebanwa, pilau imemkaa kichwani kama kilemba.

Mkongo mmoja mpita njia akainama dirishani: "Eh, papa! Maman ameingia wapi?"

Nikacheka. Nakiri, nilicheka. Halafu nikaona mkanda wa begani umemkaba shingoni na hawezi kutoa sauti.

Utani uliniisha hapo hapo. Nilitafuta kile kitufe cha mkanda huku na huku, kama siyo mimi niliyechagua mikanda ile. Ukaachia. Akakohoa, akavuta pumzi. Shingoni amebaki na mstari mwekundu. Nilitamani anitukane.

Hakunitukana. Alipangusa nailoni kwa kiganja, akaangalia ngozi chini yake. Nyeupe, haina doa.

"Kiti chako kizima," akasema.

Akashuka, akaenda kwa wakwe kwa miguu, wali ukiwa nyweleni.

Jioni Rehema akapiga. "Baba, nitapanda gari la wakwe." Akakata.

Jumatatu nikarudi kwa Papa Déo. Alinipa mkasi tu. Niliichana nailoni yote mwenyewe, na iliniuma kama najichuna.

Mama Rehema nilimbembeleza wiki tatu. Siku aliyokubali alikuja na sambusa ya nyama inayochuruzika mafuta. Akaketi, akaila yote taratibu, akafuta vidole kwenye ngozi, pembeni ya paja. Ananiangalia usoni.

"Haya, endesha."

Kwenye uwanja wa maghala hakukuwa na mtu. Nikakimbiza, nikakanyaga. Mara tatu. Mkanda ulimshika kiunoni na begani, hakuteleza hata kidogo. Mara ya nne aliomba mwenyewe.

Siku ya harusi Rehema aliingia na shela lake, akalikusanya, akasita.

"Baba, hili doa la mafuta la nini?"

"Hapo alikaa mama yako."

Akavuta mkanda, akajifunga. "Twende."

Wakuu, somo langu ni fupi. Mkanda unamshika mtu aliyekaa, na kwenye nailoni hakuna anayekaa, mnapaki tu makalio. Nilitengeneza kila kitu ndani ya gari lile, nikabakiza kichwa changu.

Sofa nimeshalivua pia. Rimoti bado, msinisukume.

Wenye magari ya kizamani njooni mseme mlifunga nini na nani aliwafungia. Waliokuja kunicheka nao karibuni, ila muanze kwa kuchana nailoni za kwenu.